Jibu: Kaka ameacha dawa, sasa halali usiku

Pole dada. Umeuliza kama kaka yako, aliyeacha dawa za baipola (ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi, kisha kumshusha kwenye huzuni nzito) akisema amepona na sasa halali usiku, anagawa hela na kupanga biashara tatu kwa usiku mmoja, ana furaha tu au ugonjwa umerudi. Mimi naishi na hali hiyohiyo. Kwa maelezo yako ningempeleka hospitali leo, nisingengoja Jumatatu.

Usingizi ndio kengele yangu. Mwenye mawazo hukosa usingizi akaamka hoi. Sisi tukipanda tunalala masaa mawili na uchovu hatuuoni. Hapo kubishana ni kazi bure, machoni pa kaka yako ninyi ndio wagonjwa. Kuhusu hela, kadi yangu ya benki hushikwa na mke wangu (tulikubaliana nikiwa nimetulia, siyo siku ya vurugu).

Asirudie dawa kwa kubahatisha. Kama ni lithiamu, mojawapo ya dawa za baipola, kiwango chake hupimwa kwenye damu, na mtu akiharisha sana inaweza kupanda ikawa sumu. Dawa za sonona (huzuni nzito) zikitumika peke yake zinaweza kumpandisha zaidi, kwa hiyo daktari aambiwe kila alichomeza.

Akishuka, muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo.