Swali la Lugha: Kompyuta zimebadilika, zimebadilishwa au zimebadilishika?

SWALI: Asalaam alaykum, Mwalimu. Nasimamia saiba hapa Majengo, Mombasa. Kompyuta zetu zimewekewa Windows 11 na wateja hawaoni vitu mahali walipovizoea. Nimebandika tangazo mlangoni: "Kompyuta zimebadilishika, tafadhali zoeeni." Mzee mmoja wa Kibokoni amenikosoa, ati niandike "zimebadilika". Mwenzangu naye ashikilia "zimebadilishwa". Nani yuko sawa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mzee yuko sawa, mwenzako hajakosea, na wewe umesema jambo ambalo hukulikusudia.

"Badilika" yaeleza hali tu: kitu kilikuwa hivi, sasa ni vile, na aliyefanya hatajwi. "Badilishwa" yaonyesha kuna mtendaji, hata asipotajwa. Ndiyo maana twasema "kikombe kimevunjwa na mtoto" lakini hatusemi "kimevunjika na mtoto". Kosa hili nalisikia redioni kila mvua kubwa inaponyesha: "daraja limevunjika na mafuriko". Ama limevunjwa na mafuriko, ama limevunjika kwa mafuriko.

Sasa "badilishika". Kiambishi -ik- (au -ek-) kina kazi ya pili, nayo ni kueleza kwamba jambo lawezekana. Kikija baada ya -ish-, msomaji huelekea maana hiyo: kitu chaweza kubadilishwa. Kazi zote mbili zimo ndani ya methali moja, "Maji yakimwagika hayazoleki." Kumwagika ni hali iliyokwisha kutokea, hayazoleki ni kwamba haiwezekani kuyazoa. Kwa hivyo anayesoma tangazo lako aweza kuelewa kwamba kompyuta zako zinakubali kubadilishwa. Na kusema kweli, kwa kiasi fulani zinakubali, nawe ungewafaa wateja kwa kuwaambia lipi labadilishika na lipi halibadilishiki.

Programu hazibadiliki zenyewe kama hali ya hewa. Kitufe cha Start hakikuondoka kwenye Windows 8 mwaka 2012. Kiliondolewa, watu wakapiga kelele, na mwaka 2013 kikarejeshwa katika 8.1. Vivyo hivyo Office ya 2007: menyu za Word na Excel ziliondolewa, ukawekwa ule utepe mpana wa juu. Menyu zile hazikurudi, lakini utepe wafichika. Bonyeza Ctrl na F1 pamoja utajikunja, rudia utafunguka.

Katika Windows 11, iliyotoka 2021, aikoni za upau wa chini zimewekwa katikati. Hizo zahamishika: bofya upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye mipangilio yake, kisha tafuta palipoandikwa upande wa kupangia na uchague kushoto. Upau wenyewe, ambao zamani mtu aliweza kuupandisha juu ya skrini, haukuhamishika toleo hilo lilipotoka.

Nahisi lililowasumbua zaidi wateja wako ni nakili na bandika. Ukibofya faili kwa kitufe cha kulia, maneno hayo hayamo tena kwenye orodha; yamegeuzwa kuwa vipicha vidogo, na mteja mwenye haraka ya kuchapisha fomu hatambui kuwa ndivyo hivyo. Toleo la 24H2 la mwaka 2024 liliviandikia majina. Kama kompyuta zako hazijafika huko, mwonyeshe mteja Ctrl na C, kisha Ctrl na V, ambazo hazijaguswa. Anayeitaka orodha ya zamani, achague faili, kisha abonyeze Shift na F10.

"Zoeeni" ni sahihi kisarufi, lakini ni amri, na mteja haamrishwi, hata ukitanguliza tafadhali. Mzigo wa kuzoesha ni wako wewe mwenye saiba. Pia ningeacha "kompyuta zimebadilika", kwa sababu mtu atadhani mmenunua mashine mpya. Kilichobadilika ni mpangilio. Uandike kwa umoja, maana "mipangilio" siku hizi, hata kwenye simu, ni pale mtu anapoingia kurekebisha sauti, mwanga na mengineyo.

Ningeandika hivi: "Mpangilio wa skrini umebadilika. Usipoona kitu mahali pake, tuulize tukuonyeshe." Umebadilika, kama alivyosema mzee, kwa kuwa mteja hana haja ya kujua nani aliyebadilisha. Siku mtu akikuuliza kwa hasira, "Nani kafanya hivi?", hapo tumia neno la mwenzako: umebadilishwa, na si sisi.

Tangazo lenyewe libandike ndani, ubavuni mwa kila skrini. Pale mlangoni mtu bado hajapotelewa na kitu.