Baiskeli ya kufulia au ndoo tu?

SWALI: Habari zenu. Tupo watano nyumbani, umeme hakuna na mfuaji ni mimi. Jinzi na mashuka yananimaliza vidole na mgongo. Kuna mtu kaniambia nitengeneze mashine ya kufulia ya pedeli za baiskeli, je inafaa au napoteza muda tu?
Mchovu wa kufikicha

JIBU: Pole sana Mchovu. Baiskeli iache kwanza. Inafua kweli sikatai, ila inataka pipa linalozunguka, cheni, fremu ya kuchomelea, na ukimaliza yote hayo kukamua bado kunakusubiri.

Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, toboa mfuniko katikati tundu la kupitisha mpini, halafu tafuta ule mpira wa kuzibulia sinki (mpya jamani!) nao uutoboe matundu manne matano, bila hivyo unakuwa mgumu kuvuta na maji yanakurukia usoni. Nguo zisizidi nusu ndoo maana kinachotoa uchafu ni maji kupita kwenye nyuzi, zikibanana hayapiti, unatwanga bure. Loweka nusu saa, kisha sukuma na kuvuta kama dakika kumi hivi. Kola na makwapa utafikicha kwa mkono tu, hapo hakuna ujanja.

Sabuni punguza. Wengi wanaona bila povu jingi nguo haijafuliwa, kumbe povu likizidi ni kuongeza kazi ya kusuuza, na kama maji unayabeba mwenyewe utanielewa.

Sasa kukamua, ndio penye shughuli yenyewe. Tafuta ndoo mbili zinazoingiana, moja itoboe matundu madogo mengi chini na ubavuni, piga msasa yasije yakachana nguo. Iweke juu ya beseni, tia nguo, ingiza ile nzima juu yake halafu ikandamize kwa uzito wa mwili, hata kuikalia kalia tu, vidole vinapumzika. Jinzi itatoka nzito bado ila haichuruziki.

Mashuka na blanketi zungushia kwenye nguzo safi, shika ncha zote pamoja, pitisha fimbo uzungushe. Ndoo zilizokuwa na rangi zinafaa pia, ila zikwangue mpaka rangi iishe kabisa, shuka jeupe likitoka na madoa ya kijani usinitafute.