Alizeti: chipukizi la kijani si lazima liwe na jeni

Umeuliza kwa nini machipukizi ya alizeti uliyoyaingizia jeni maabara yanabaki kijani kwenye kanamaisini (dawa inayofifisha seli zisizo na jeni la kuihimili), halafu PCR (kipimo cha DNA) haioni jeni hilo. Mara nyingi hao ni watoro, yaani machipukizi yasiyo na jeni yaliyoiponyoka dawa: seli chache zilizopokea jeni zinawakinga majirani zao. Kero ya alizeti ni kwamba seli zinazoingiliwa na agrobakteria (bakteria wanaobeba jeni hadi ndani ya seli) mara nyingi sizo zinazochipua. Kata msingi wa chipukizi, ulihamishie kwenye chakula kipya chenye kanamaisini mara mbili tatu, ndipo upime jani, na baadaye miche ya mbegu zake. Mizizi ikigoma, usihangaike na homoni. Lipandikize juu ya mche mchanga. Likichanua ndani ya chupa likiwa na urefu wa kidole, usishtuke, alizeti ndivyo ilivyo.