Mgonjwa Anayelitaja Tatizo Lake Akiwa Mlangoni

Msomaji mmoja, tabibu katika zahanati ya nje kidogo ya Jiji la Dodoma, ameniandikia akilalamika. Mgonjwa anaeleza, anapimwa, anapewa karatasi ya dawa, anafika mlangoni, ndipo anageuka: "Halafu dokta, kuna na hili." Na hilo ndilo lililomtoa nyumbani alfajiri. Tabibu anauliza kwa nini watu wake wanaficha.

Hawafichi, ndugu yangu. Hukuwaachia pa kusemea, na kosa liko mwilini mwako zaidi kuliko katika maswali yako.

Tuanze na macho. Mwaka 1980 Charles Goodwin, mtafiti wa mazungumzo wa Marekani, alionyesha kwamba msemaji akikuta msikilizaji hamtazami, huikata sentensi na kuianza upya, au hunyamaza kidogo mpaka apate jicho. Mwaka 1986 Christian Heath wa Uingereza, aliyechambua video za vyumba vya madaktari, akalikuta jambo hilohilo mbele ya faili: daktari akiinama kusoma, maneno ya mgonjwa yanakwama, anajisogeza kitini au anainua mkono, na jicho likirudi ndipo anaendelea. Kwa hiyo mama anayesema "Ilianza... ilianza juzi usiku, ika..." huku wewe unaandika, habahatishi wala hajasahau. Anakusubiri. Usipoinua uso atafupisha habari, nawe utajaza kwamba maelezo yake hayaeleweki.

Siku hizi faili limekuwa kompyuta na hali imezidi kuwa mbaya, kwa sababu kompyuta nyingi zimewekwa pale waya wa umeme ulipofika. Ihamishe. Kiti cha mgonjwa kiwe kwenye kona ya meza, si ng'ambo yake, na kioo cha kompyuta kiwe upande huohuo, ili jicho litoke kwenye kioo hadi usoni kwa kugeuza kichwa kidogo tu. Halafu angalia magoti. Emanuel Schegloff, naye mtafiti wa mazungumzo, aliandika mwaka 1998 kwamba mtu akigeuza shingo huku kiuno na miguu vimeelekea kwingine, wenzake huelewa kuwa amegeuka kwa muda tu na atarudi kule miguu iliko. Magoti yako yakielekea kompyuta, shingo yako haimdanganyi mtu: mgonjwa ataongea kwa haraka kama anayeazima dakika ya mwingine.

Mwanzo ndio unaoharibika mara nyingi. Ukiitikia "marahaba" huku unatafuta jina kwenye mfumo, umeshamwambia bibi wa watu nani mwenye nafasi hapo. Hakikisha jina na kadi kabla hajaitwa. Akiingia, kalamu chini, mikono itoke kwenye vibonye, salamu kamili ("mbukwenyi" haigharimu kitu kwa Mgogo mwenzako), kisha uliza na unyamaze. Ukihitaji kuandika, sema: "Ngoja niandike hili, mama, kisha tuendelee." Naye atanyamaza kwa amani badala ya kuongea na sikio lako. Hayo mawili, kusikiliza na kuandika, yapishane. Anayedai anayaweza kwa pamoja ajirekodi nusu saa tu.

Tahadhari moja: kijana au mwanamke anaweza kukuinamishia macho kwa heshima. Usimlazimishe akutazame. Wewe ndiye unayetakiwa kutazama.

Sasa mikono, na hapa ndipo taarifa nyingi zinapomwagika. Kiswahili chetu kinasema "mkono" kuanzia begani hadi vidoleni, na "mguu" kuanzia pajani hadi wayo. Anayesema "moyo unaniuma" anaweza kuwa ameshika chembe cha moyo, yaani tumbo la juu. Neno peke yake halikwambii kitu. Kiganja ndicho kinachojibu. Ncha ya kidole kimoja ni mahali pamoja. Kiganja kinachopapasa ni eneo. Kiganja kinachoshuka kutoka kiunoni, nyuma ya paja, hadi chini ya goti ni maumivu yanayosafiri. Ngumi iliyokazwa katikati ya kifua haithibitishi ugonjwa wa moyo, lakini mtu huyo hastahili kurudishwa kwenye foleni.

Na mkono huwahi. Waliochunguza ishara za mikono, Adam Kendon akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba mkono huanza safari kabla ya neno linaloendana nao. Ukisubiri kusikia "hapa" ndipo uinue kichwa, mkono umeshafika na huenda unarudi pajani. Mzee akisema "homa inanipanda jua likiwa hapa", mkono wake umenyooka kuelekea magharibi, juu kidogo ya bega. Amekupa saa, jioni kabisa, wewe ukaandika "homa za vipindi". Ukikosa, usione haya: "Hebu nionyeshe tena, mzee." Kisha andika ulichokiona, sio neno tu.

Kwenye dirisha la mapokezi lenye kioo ni hayohayo, ila karani ainame usawa wa kitundu. Mgonjwa akilazimika kupinda mgongo na kupaza sauti, siri yake inasikika hadi benchi la mwisho.

Turudi mlangoni. Unapochana karatasi ya dawa, unapopanga mafaili au kusogeza kiti nyuma, umefunga kikao hata kama mdomo unauliza, "Hakuna lingine, eh?" Swali lenye "hakuna", likisindikizwa na kichwa kinachotikisika, linaomba jibu la "hakuna". Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulijaribu kubadilisha neno moja tu la Kiingereza katika swali hilo, kutoka neno linaloelekea kukana kwenda linaloelekea kukubali, na kwa neno hilo la kukubali shida zilizobaki bila kushughulikiwa zikapungua kwa 78% kuliko kwa madaktari ambao hawakuelekezwa kuuliza swali hilo. Kwetu uliza, "Na lipi jingine linakusumbua?", kichwa kikiitikia chini, magoti yakimwelekea, na uulize mapema, kabla ya kumpima. Ukifika kwenye dawa, andika, kisha uliza tena, na karatasi ibaki chini ya kiganja chako mpaka ajibu.