Wasomaji Wanauliza: Nanyanyua Chuma Kila Siku, Mbona Mikono Haijai?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22, nina kilo 62, na mazoezi yangu nayafanyia uani nyumbani. Nilichukua makopo mawili ya rangi ya lita 4, nikayajaza zege na kuyaunganisha kwa bomba la maji. Huu ni mwezi wa tano nakunja chuma hicho kila jioni, seti tano hadi mikono inatetemeka, lakini baisepsi, misuli ya mbele ya mkono wa juu, haziongezeki, na siku hizi hata kiuno kinaniuma. Rafiki yangu ananishauri nichome sindano za kujaza misuli. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo maumivu ya kiuno ndiyo yaliyonipa jibu kabla sijamaliza kusoma barua yako. Kopo la lita 4 lililojaa zege lina uzito wa kilo 9 hivi, kwa hiyo makopo mawili pamoja na bomba yanakaribia kilo 20. Mtu aliyezoea anaumudu mzigo huo, lakini anayeanza akiwa na umbo lako kwa kawaida huinamia mbele kidogo, kisha huurusha juu kwa nyonga na kuupokea kwa kuegemea nyuma. Chuma kinapanda, naam, ila kinapandishwa na mgongo, na baisepsi inapata sehemu ndogo tu ya kazi uliyokusudia kuipa.

Jipime leo jioni. Simama ukiegemea ukuta, makalio na mabega yakiugusa, visigino vikiwa hatua fupi mbele ya ukuta, kisha kunja chuma chako huku viwiko vikibaki ubavuni. Ikiwa huwezi kukikunja mara nane bila mabega kuachana na ukuta, basi chuma hicho ni kizito mno kwako kwa sasa. Tafuta madumu mawili ya lita 5, uyatie mchanga hadi upate uzito unaoweza kuukunja mara kumi kwa utulivu. Uzuri wa dumu ni kwamba nguvu ikiongezeka unaongeza kikombe kimoja cha mchanga, jambo ambalo zege haikuruhusu kulifanya.

Sasa nikueleze msuli wenyewe, maana ukiuelewa utajisahihisha bila kusimamiwa. Baisepsi ina vichwa viwili vinavyoanzia kwenye mfupa wa bega, nayo huishia kwenye mmoja wa mifupa miwili ya kigasha, chini kidogo ya kiwiko. Kwa sababu hiyo kazi yake si kukunja kiwiko peke yake, bali pia kugeuza kigasha ili kiganja kitazame juu. Weka kiganja cha kushoto juu ya baisepsi ya kulia, kunja kiwiko cha kulia nusu, halafu geuza kiganja kitazame chini, kisha juu, kama mtu anayekaza skrubu kwa bisibisi. Utausikia msuli ukivimba chini ya vidole vyako ingawa kiwiko hakijasogea. Kwa hiyo unapokunja, hakikisha viganja vinatazama juu hadi mwisho wa mwendo. Siku nyingine shika mzigo viganja vikitazamana, kwa kuwa mshiko huo huhamishia sehemu kubwa ya kazi kwenye msuli ulio chini ya baisepsi na kwenye ule wa kigasha, ambayo nayo huongeza unene wa mkono.

Jambo ambalo vijana wengi hulipuuza ni kushusha. Mzigo ukifika juu wanauachia udondoke, na hapo wanapoteza nusu ya zoezi. Pandisha kwa sekunde moja au mbili, shusha kwa sekunde tatu, na ufike chini kabisa hadi mkono unyooke, kwa sababu msuli unaofanya kazi ukiwa umevutika hupata kichocheo kizuri sana cha kukua. Seti ikikaribia mwisho, acha pale unapoona umebakiza rudio moja au mawili ya kweli. Pumzika dakika mbili kabla ya seti inayofuata.

Kuhusu kila jioni, naomba uache kuanzia wiki hii. Zoezi hutoa amri tu. Msuli hujengwa baadaye, unapokula na kulala, na ujenzi huo huendelea kwa siku moja hadi mbili baada ya zoezi. Fanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, seti tatu au nne kila siku, jumla kama kumi kwa wiki. Marudio yakifika kumi na mawili katika seti zote, ongeza kile kikombe cha mchanga. Ukipata bomba imara la kuning'inia, jivute viganja vikikutazama. Usisahau pia pushapu, kwani traisepsi, msuli wa nyuma, ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya unene wa mkono wa juu.

Hukunieleza unakula nini, nami nashuku jibu lingine liko hapo. Kwa anayejenga misuli, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni kipimo kizuri, na kwako ni takriban gramu 100. Yai moja lina gramu 6 hivi, nusu lita ya maziwa ina kama 16, na dagaa wakavu wana protini nyingi kwa bei nafuu. Maharage, karanga na dagaa kwenye ugali wa kushiba vitakufikisha. Kama uzito wako umebaki kilo 62 kwa miezi yote mitano, ongeza chakula.

Sindano usizichome. Homoni zilizomo, zikiingizwa kutoka nje, huufanya mwili uache kutengeneza zake, korodani hunywea, mbegu za uzazi hupungua, na moyo huingia hatarini. Hakuna mkono unaostahili gharama hiyo, nawe hata mazoezi sahihi hujayaanza.

SWALI: Mwalimu, siku ya pili baada ya mazoezi nashindwa kunyoosha mikono. Je, niendelee? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Dada, maumivu yanayokuja kesho yake au kesho kutwa katikati ya msuli ni ya kawaida kwa anayeanza, nayo huisha baada ya siku chache. Subiri yapungue, kisha rudi na seti mbili tu. Lakini ukisikia mlio wa ghafla kwenye kiwiko au begani, ukifuatiwa na michubuko au msuli kujikusanya upande mmoja, huenda kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.