Utumbo wa mtoto unang'aa: vipimo nilivyofanyiwa baada ya utrasaundi

Mpimaji alinyamaza katikati ya maongezi, akarudisha kifaa tumboni mara mbili. Mimba ya pili, wiki ya 20. Kwenye karatasi aliandika kwamba utumbo wa mtoto unang'aa kama mfupa. Kwenye kivuko cha kurudi Kamanga sikusikia hata mtu aliyekuwa akinisalimia.

Nyumbani mama mkwe alishapata mshitakiwa: paka. Kinyesi cha paka kweli hueneza toksoplazima, maambukizi ya vimelea yanayoweza kumfikia mtoto tumboni, ila huipati kwake tu. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri nazo zimo. Na mishikaki ya stendi nilikula mimi.

Daktari alinieleza kuwa huko kung'aa si ugonjwa, ni alama. Pengine mtoto amemeza damu iliyovujia kwenye maji ya uzazi, pengine ni kasoro ya kromosomu, pengine maambukizi, na wengine huzaliwa wazima kabisa. Kisha akauliza, "Una mtoto mdogo nyumbani? Anaenda chekechea?" Kumbe kirusi cha saitomegalo, wanachokiita CMV, hukaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo. Nami kila asubuhi nilikuwa namalizia uji wa mwanangu kwa kijiko chake.

Nikatolewa damu: CMV, toksoplazima, rubela, kaswende. Kaswende nilishapimwa hudhurio la kwanza kliniki, kadi ikaonesha sina, lakini alirudia kwa sababu mtu anaweza kuipata baadaye. Ukikutwa nayo usiogope sindano ya benzathini penisilini, na mume atibiwe pia. Nenda naye. Wangu alikuja akinung'unikia dagaa wake walioanikwa, ila alikuja.

Majibu ndiyo yaliyonitesa. IgG na IgM ni kingamwili, askari wa mwili waliomo kwenye damu. IgG ikiwepo, mwili ulishakutana na kirusi, pengine tangu utotoni. IgM huashiria maambukizi ya karibuni, lakini huweza kubaki kwenye damu miezi mingi. Kwa CMV nilikuwa nazo zote mbili. Nililia kwenye korido kama niliyesomewa hukumu, na hapo kipimo cha tatu kilikuwa bado. Hicho huangalia IgG inavyokishika kirusi: ikikishika sana, maambukizi yana zaidi ya miezi mitatu hivi. Yangu ilishika sana. Daktari hakunipa hongera. Ukirudi nyuma miezi mitatu kutoka wiki ya 21, unajikuta bado ndani ya mimba changa. Kungekuwa na damu yangu ya wiki za mwanzo imehifadhiwa maabara, wangeilinganisha. Haikuwepo, kliniki nilianza wiki ya 18, nikingoja tumbo lionekane kwanza.

Kwa hiyo kabla hujatoka kwa daktari, uliza mtoto atapimwa lini akizaliwa. Mkojo au mate yake yapimwe CMV ndani ya wiki 3 za kwanza. Zikipita, ni vigumu kujua kama alikipata tumboni au alikikuta duniani. Wangu alipimwa siku ya tano, hakukutwa nacho. Kaka yake bado ananiletea uji uliobaki. Nachukua kijiko kingine.