Kambi ya wanafunzi 24 wa biolojia kisiwani Idjwi

Mwalimu, umeuliza kuhusu kambi ya wanafunzi wako: kwa watu 24 siku tano, Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu nchini Kongo (DRC), inafaa, hasa Juni hadi Agosti mvua ikiwa imepungua. Hema zisimame kwenye mteremko mdogo, si bondeni ambako maji hukusanyika. (Mkilala njiani upande wa Goma au Sake, msitandike kwenye mashimo ya mawe ya volkano: ndiko mazuku hutulia usiku, gesi isiyo na harufu, na aliyelala chini ndiye wa kwanza kuipumua.)

Vyoo viwili, mita 30 au zaidi kutoka ziwani na kwenye chemchemi, na ndoo ya majivu mlangoni.

Maji ndiyo huharibu kambi nyingi. Kunywa na kupika, hesabuni lita 5 kwa mtu kwa siku, yaani bidoni (madumu) 6 za lita 20 kila siku. Chujeni kwa kitambaa safi, kisha javel (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) ya asilimia 5, isiyo na manukato: matone 40 kwa bidoni, koroga, ngoja nusu saa. Yasiponuka klorini hata kidogo, javel imechoka. Rudieni kipimo kilekile mara moja, mngoje tena.

Maabara? Bashi (turubai) moja, meza mbili, taa ya sola. Mkikosa pombe ya asilimia 70 ya kuhifadhia vielelezo, changanyeni mililita 70 za ile ya asilimia 96 na 26 za maji. Iwekeni mbali kabisa na mbabula (jiko la makaa). Magazeti ya kukaushia mimea yabadilishwe kila siku, la sivyo siku ya tatu ni ukungu mtupu.